Homa Zilitangulia, Mtetemeko Ukangoja

Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kusimamia himaya ambayo Kapteni Owen aliwakubalia Wamazrui waliotawala mji huo, hakutimiza miezi minne. Homa ilimuua, jina lake likabaki kwenye ghuba ya Port Reitz, Changamwe. Tangu zamani hizo utabibu wa pwani umekimbizana na homa, na ulikuwa na sababu, maana homa huua upesi. Hata kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kilijipatia sifa kwa malaria. Maradhi yanayomla mtu polepole yalingoja zamu.

Mojawapo ni yale yenye jina la James Parkinson wa London, aliyeyaeleza mwaka 1817, kwa wagonjwa sita, wengine akiwa amewaona njiani tu. Mpaka leo macho na mikono ya daktari ndiyo vipimo vikuu. Humtazama mgonjwa ameweka mkono pajani: unatetemeka, lakini akinyoosha kushika kikombe hutulia. Humwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, aone kama mwendo unafifia. Humkunja kiwiko kuhisi ukakamavu. Kisha humtembeza, aone mkono upi haupungi.

Kwa kuwa ujuzi huo hauhitaji mashine kubwa, utafiti uliweza kufika vijijini. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, wakiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker, walihesabu nyumba kwa nyumba. Kati ya watu 161,071 walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwangu mimi, hao wasioambiwa ndio habari yenyewe. Mzee akianza kuburuta miguu, nyumbani husema ni uzee, au kiharusi, au amechezewa, naye hukaa barazani miaka wakati dawa ipo: daktari George Cotzias alionyesha mwaka 1967 kwamba levodopa humrudishia mgonjwa mwendo.

Levodopa hiyohiyo imo kwenye mbegu za upupu, ule unaowasha watoto msituni. Wanakemia wa India waliitenga humo mwaka 1937. Mradi wa TraPCAf, unaohusisha nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, umeuweka upupu katika majaribio kwa sababu vidonge vya levodopa ni ghali na adimu. Asiuchemshe mtu nyumbani: nguvu ya mbegu hutofautiana, na kipimo kikizidi huleta kichefuchefu na kizunguzungu.

Hospitali ya Port Reitz inajulikana kwa wodi ya wagonjwa wa akili, na hapo kazi ya kuitambua Parkinson ni ngumu zaidi, kwani baadhi ya dawa za akili, kama haloperidoli, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, na kumfanya kijana akakamae na kutetemeka kama mzee wa Parkinson. Huyo hahitaji levodopa. Anahitaji dawa yake ipunguzwe au ibadilishwe. Natamani hesabu kama ya Hai ifanywe Changamwe na Jomvu, na wanaobisha hodi wawe wenyeji, ili mama akisema mumewe amechezewa, wamsikilize hadi mwisho kabla ya kuomba kumwona akitembea.