Riwaya Yenye Kufuli

Machi 2000 Stephen King alitoa hadithi yake "Riding the Bullet" kupitia intaneti. Katika saa 24 za kwanza zilichukuliwa nakala zipatazo 400,000. Wasomaji walikuwepo tayari. Kilichokosekana ni skrini isiyochosha macho.

Mwaka 2004 Sony ikaleta Librié nchini Japani, kifaa cha kwanza sokoni chenye wino wa kielektroniki. Umeme husogeza chembe nyeusi na nyeupe, kisha zinatulia zenyewe, kwa hiyo betri huliwa hasa unapofungua ukurasa mpya. Lakini vitabu vyake vilijifunga baada ya siku 60. Riwaya ikawa na tarehe ya kuharibika kama maziwa!

Novemba 2007 ikaja Kindle ya Amazon, dola 399, ikaisha kwa saa tano na nusu. Julai 2009 kampuni hiyo ikaifuta "1984" ya George Orwell ndani ya vifaa vya wateja walioilipia, kwa kuwa muuzaji hakuwa na haki ya kuiuza. Jeff Bezos aliomba radhi.

Tatizo la skrini lilitatuliwa. La umiliki bado. Riwaya ya karatasi ukiimaliza unampa jirani. Kabla ya kulipia faili, angalia kama ina kufuli, na ufunguo anao nani.