Aliyeshika Kalamu: Historia Fupi ya Chemsha Bongo ya Vyuo Vikuu

Tarehe 10 Oktoba 1953, redio ya NBC ya Marekani ilirusha hewani kwa mara ya kwanza kipindi kilichoitwa College Quiz Bowl. Siku hiyo Chuo Kikuu cha Northwestern kiliishinda Columbia kwa alama 135 kwa 60, na wachezaji wa pande hizo mbili hawakuonana uso kwa uso. Kila timu ilibaki chuoni kwake, imezungukwa na wanafunzi wenzao waliokuja kushangilia, huku mtangazaji Allen Ludden akiwasomea maswali akiwa studio, New York.

Mwenye wazo alikuwa Don Reid, Mkanada aliyekuwa ameandaa michezo ya aina hiyo kuwaburudisha wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanuni alizoziweka hazijabadilika sana mpaka leo. Timu mbili za watu wanne hukaa na vitufe mbele yao. Msomaji huanza kusoma swali la kugombea, na yeyote anayejua hubonyeza na kujibu peke yake, bila kunong'onezana na wenzake. Akipata, timu yake huvuna alama 10 pamoja na haki ya kusomewa maswali ya ziada, ambayo sasa wanaruhusiwa kushauriana vichwa vikiwa vimekaribiana, kisha nahodha anatoa jibu. Anayemkatiza msomaji na kukosea anaadhibiwa.

Wanaosimulia habari za mchezo huu hupenda kuhesabu mataji na watangazaji. Mimi nimeufuatilia kwa upande mwingine: nani alikuwa akiyaandika maswali. Ukishika uzi huo, historia nzima inajipanga yenyewe.

Kipindi cha redio kilikoma mwaka 1955, kikarudi Januari 1959 kwenye televisheni ya CBS kwa ufadhili wa kampuni ya General Electric. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwaka mmoja kabla, Marekani nzima ilikuwa imeanza kusikia kwamba baadhi ya vipindi vikubwa vya maswali ya fedha vilikuwa mchezo wa kuigiza, washiriki wakipewa majibu kabla ya kuingia studio. Novemba 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa Columbia aliyekuwa amepata umaarufu mkubwa katika kipindi cha Twenty-One, alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba naye alipewa. College Bowl ilipita katikati ya moto huo bila kuungua. Sababu mojawapo, naona, ni kwamba hakuna mchezaji aliyekuwa akienda nyumbani na fedha mfukoni. Timu iliyoshinda ilikipatia chuo chake dola 1,500 za ruzuku ya masomo, iliyoshindwa dola 500. Iliyoshinda mara tano mfululizo ilistaafu kwa heshima, na malipo yote yakifika dola 10,500.

Ludden aliondoka mwaka 1962 kwenda kuongoza kipindi cha Password, na Robert Earle akachukua kiti. Katika enzi ya Earle ndipo ulipochezwa mchezo ambao wazee wa fani hii hawachoki kuusimulia. Mwaka 1966 Agnes Scott, chuo kidogo cha wanawake huko Decatur, Georgia, kilikutana na Princeton, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaanza kudahili wanawake katika shahada ya kwanza. Muda ulikuwa umebaki sekunde tu na Princeton wakiwa mbele. Mwanafunzi mmoja wa Agnes Scott, ambaye alikuwa haoni kabisa, aliwahi swali la mwisho na kulijibu. Matokeo: 220 kwa 215.

Kipindi kilizimwa Juni 1970. Kwa miaka 17, na mapumziko yake katikati, maswali yote yalikuwa yametoka ofisi moja, ya Reid na watu wake. Wanafunzi walikuwa wageni waalikwa.

Mbegu ilikuwa imeshavuka bahari. Tarehe 21 Septemba 1962 televisheni ya Granada, Manchester, ilianza kurusha University Challenge kwa leseni kutoka kwa Reid, ikiongozwa na kijana wa miaka 27, Bamber Gascoigne, aliyedumu hapo hadi 1987. BBC ilikifufua kipindi mwaka 1994 na Jeremy Paxman, mtu ambaye uso wake ukikunjwa kwa jibu la kijinga ulikuwa adhabu tosha, na tangu 2023 kiko mikononi mwa Amol Rajan. Uingereza ndiko televisheni haikuuacha mchezo, na ndiko pia wanafunzi walikoufanyia mgomo wa kuchekesha kuliko yote. Mwaka 1975 timu ya Manchester ilikasirishwa na utaratibu wa kuruhusu kila koleji ya Oxford na Cambridge kuleta timu yake, wakati vyuo vingine vinahesabiwa kuwa kimoja kimoja. Wakaamua kujibu karibu kila swali kwa majina ya wanamapinduzi: Marx, Lenin, Trotsky, Che Guevara. Kanuni hiyo wanailalamikia mpaka leo, na mpaka leo ipo.

Marekani nako mchezo ulirudi vyuoni mwaka 1977 bila televisheni, kwa ushirikiano wa kampuni ya College Bowl, iliyokuwa sasa chini ya Richard Reid, mtoto wa Don, na jumuiya ya kumbi za wanafunzi iitwayo ACUI. Yalikuwapo mashindano ya chuoni, ya kanda, na ya taifa. Stanford ilitwaa taji la kwanza, 1978. Lakini mchezo ulipotoka kwenye kamera na kuingia madarasani, wachezaji walianza kuyatazama maswali kwa jicho la mteja. Mengi yalikuwa mafupi, ya kukimbiliana vidole. Mengine yalikuwa ya mtego: "Mji mkuu wa Kenya ni Nairobi, wa Uganda je?" Anayebonyeza baada ya neno "Kenya" anaumia, ingawa anajua yote mawili. Mtu aliyesoma miaka minne falsafa au kemia anaweza kushindwa na mwenye mkono mwepesi, na akaulizwa zaidi kuhusu waigizaji wa sinema kuliko kuhusu Aristotle. Juu ya hayo, kushiriki kulikuwa kwa ada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wachezaji hao waliamua kuandika wenyewe. Wakaunda ACF, shirikisho la mashindano ya kitaaluma, lililosimama juu ya utaratibu ambao haujapata kuwa na televisheni wala mdhamini: timu zinazokuja mashindanoni zinaleta mafungu yao ya maswali, wahariri wanayachambua, wanayanyoosha, wanatupa yaliyooza, na yaliyobaki ndiyo yanayochezewa. Timu inayoandika mapema inapunguziwa kiingilio. Inayoandika inajifunza vilevile, kwa sababu huwezi kuandika maswali ishirini yanayosimama bila kusoma vitabu ishirini.

Hapo ndipo lilipokomaa swali la piramidi, ambalo kwangu mimi ndilo jambo kubwa kuliko yote fani hii iliyoyafanya. Swali linaanza na madokezo magumu na kushuka hatua kwa hatua mpaka linafika kwenye jambo ambalo karibu kila mtu analijua. Tazama hili, nililolitunga kwa ajili ya wasomaji wetu:

"Katika riwaya moja ya mwandishi huyu, mzee mmoja anatua uwanja wa Gatwick na kisanduku cha udi, na ofisa wa uhamiaji anakichukua. Katika nyingine, iliyofika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, mvulana Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara Aziz ili kufidia deni la baba yake. Alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent. Kwa alama kumi, mtaje mzaliwa huyu wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021."

Aliyesoma riwaya ya By the Sea atabonyeza kwenye udi. Aliyesoma Paradise atangoja Yusuf. Anayefuatilia habari tu atasubiri mwisho kabisa, na kama wenzake hawasomi, atapata alama zile zile. Wote watatu wanamjua Abdulrazak Gurnah, lakini swali limewapanga kwa kina cha kumjua kwao, na kidole chepesi hakina msaada kwa asiyejua. Kuliandika vizuri ni kazi. Dokezo la kwanza likiwa rahisi mno, linageuka mbio za vitufe. Likiwa la kubahatisha, linawaadhibu wanaojua. Wahariri wanaweza kubishana nusu saa juu ya neno moja la mwanzo.

Mwaka 1996 ilizaliwa taasisi ya pili, NAQT, nayo ikianzishwa na watu waliocheza mchezo huu vyuoni. Yenyewe ni kampuni, inauza maswali kwa vyuo na shule za sekondari, na fungu lake linachanganya taaluma na habari za dunia, michezo na burudani kidogo. NAQT ilirudisha saa, mchezo ukigawanywa vipindi viwili. Anayebonyeza mapema, kabla ya alama iliyowekwa katikati ya swali, anapata 15 badala ya 10. Anayekatiza na kukosea anapoteza 5. Fainali zake za vyuo zilianza 1997. Mmoja wa waandishi na wahariri wake alikuwa Ken Jennings, aliyewahi kuichezea Brigham Young, na ambaye mwaka 2004 alishinda michezo 74 mfululizo ya kipindi cha maswali cha televisheni, Jeopardy! Watu waliposhangaa ametoka wapi, wachezaji wa vyuo hawakushangaa.

Mashindano ya College Bowl ya vyuo vya Marekani yalifungwa mwaka 2008. Kilichosalia ni tawi moja, la kampuni ya Honda, lililoanza 1989 kwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, ambalo linaendelea kushindanisha vyuo hivyo kwa ruzuku. NBC ililiazima tena jina la zamani mwaka 2021, mwanamichezo Peyton Manning akiwa msomaji. Ilikuwa misimu miwili.

Utaratibu wa wachezaji kujiandikia una hatari yake, na ililipuka mwaka 2013. NAQT ilitangaza kwamba baadhi ya wachezaji waliokuwa pia waandishi wake walikuwa wamefungua kurasa za mfumo wake wa ndani zilizoonyesha maneno machache ya mwanzo ya maswali ambayo wangekuja kuulizwa. Haikusema ina ushahidi kwamba yaliwasaidia. Hata hivyo Harvard ilivuliwa mataji manne. Adhabu ilikuwa kali, na ilistahili: mchezo usio na fedha za kugombewa una kitu kimoja tu cha kulinda, nacho ni siri ya swali mpaka lisomwe.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa mlango wa simu za mkononi. Mwaka 2007 kampuni ya Celtel ilianzisha Celtel Africa Challenge, shindano la televisheni la vyuo vikuu lililofuata mtindo wa College Bowl, na timu za Kenya, Uganda na Tanzania zikawa miongoni mwa zilizokaa kwenye vitufe. Aliyesoma maswali alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mtangazaji wa Kenya, kwa Kiingereza chake cha kuchonga na suti isiyo na mkunjo. Wanafunzi waliokuwa vyuoni miaka ile wanakumbuka jinsi vyumba vya televisheni vilivyofurika chuo chao kilipocheza, kelele za aina inayosikika kwenye mechi ya Simba na Yanga. Celtel ilipogeuka kuwa Zain, shindano likabadili jina. Zain ilipouza sehemu kubwa ya biashara zake za Afrika kwa Bharti Airtel ya India mwaka 2010, likaisha.

Liweke shindano hilo kando ya lile la Marekani uone tofauti. Kule televisheni iliondoka 1970 na kampuni mama ikafunga mashindano 2008, lakini wakati huo wanafunzi walikuwa tayari na mafungu yao, wahariri wao na ratiba yao ya mwaka. Kwetu mdhamini alikuwa na kila kitu: jukwaa, zawadi, kamera na maswali. Alipofunga virago alivifunga vyote.

Leo ratiba ya ACF ina ngazi nne: shindano la vuli kwa wanaoanza, la majira ya baridi, la kanda, kisha la taifa, ambalo maswali yake yanaweza kumtoa jasho profesa. Mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga madarasa, michezo ilihamia kwenye simu za video, msomaji akisoma kutoka sebuleni na vitufe vikiwa programu ya kompyuta. Njia hiyo imebaki kwa mazoezi ya timu zilizo mbali. Mchezo mmoja wa ACF ni maswali 20 ya kugombea, kila moja likijibiwa sawasawa linafuatwa na ya ziada matatu ya alama 10 kila moja, bila saa.

Timu inayotaka kuanza Dodoma au Eldoret haihitaji leseni ya mtu. Mafungu ya miaka iliyopita ya ACF yamewekwa wazi bila malipo, maelfu ya maswali pamoja na majibu yanayokubalika na yasiyokubalika, na ni shule nzuri ya kuona piramidi inavyojengwa. Seti ya vitufe inanunulika au inaundwa na mwanafunzi wa uhandisi mwenye nyaya na taa. Wengi wameanza kwa kugonga meza. Atafutwe msomaji mwenye sauti safi, na mtu mmoja wa kuandika alama. Mafungu ya Marekani yamejaa mashairi ya Kiingereza na marais wao, kwa hiyo yatafaa kwa mazoezi ya mwezi wa kwanza au wa pili. Maswali ya Shaaban Robert, ya vita vya Majimaji, ya jiolojia ya Bonde la Ufa na ya sarufi ya Kibantu bado hayajaandikwa.