Merikebu ya Hewani Iliyotumwa Kwetu Mwaka 1917

Yako mataifa yenye desturi ya kutunza ndege zao za vita zilizozeeka. Ndege iliyochukua askari usiku kwa kazi ya siri, ikisha kuchoka, haikatwi ikauzwa kwa ratili. Husafishwa, hupakwa rangi yake ya kwanza, kisha huwekwa katika nyumba kubwa ili watoto waione. Mwaka 2015, katika Wisconsin huko Marekani, ilionekana Dakota moja kuukuu penye karakana, ikingoja kugeuzwa iwe ndege ya namna nyingine. Watu walipochungua namba zake wakatambua kuwa ndiyo iliyoongoza kundi kubwa la ndege zilizowaangusha askari wa miavuli katika Normandy, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Basi wenye kupenda mambo ya kale wakachanga fedha, wakaitengeneza, na mwaka 2019 ikaruka tena hata Ufaransa.

Habari hii niliwasomea wanafunzi wangu hapa Kharumwa. Mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, na sisi je? Haikutumwa ndege ya namna hiyo kwetu?" Nikamjibu kwamba ilitumwa, ila haikufika, tena waliyoiunda hawakukusudia kuitunza hata siku moja. Watoto wakacheka, wakidhani ni fumbo. Kwa kuwa si fumbo, nimeona vema niiandike habari yenyewe.

Katika Vita Kuu ya kwanza nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Waingereza waliitwaa Mwanza tarehe 14 Julai 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka ule ule. Tangu hapo Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wadachi, akawa akisukumwa kusini mwezi baada ya mwezi, mpaka mwisho wa mwaka 1917 alikuwa amebaki na pembe ya nchi upande wa Wamakonde, karibu na mto Ruvuma. Bahari yote ilikuwa mikononi mwa manowari za Waingereza. Risasi zilipungua, dawa zilipungua, wala hapakuwa na njia ya kumletea kitu.

Ndipo daktari mmoja wa Kijerumani, jina lake Zupitza, alipotoa shauri. Mtu huyu hakuwa mgeni wa pande hizi za ziwa. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Kiziba, katika nchi ya Bukoba, akichunguza ugonjwa wa tauni. Shauri lake lilikuwa hili: ikiwa njia ya bahari imefungwa, mizigo na ipite hewani. Wakubwa wakakubali, na Kaisari mwenyewe akatoa idhini.

Chombo walichokitumia hakikuwa eropleni kama tuzijuavyo. Kilikuwa merikebu ya hewani ya aina ya Zeppelin: mifupa ya chuma chepesi kisicho kutu, juu yake nguo iliyovutwa sana kama ngozi ya ngoma, na ndani yake mifuko mikubwa iliyojaa gesi ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko hewa. Ya kwanza waliyoitengenezea safari hii iliitwa L 57. Dhoruba ikaivunja mwezi wa Oktoba 1917, ikateketea. Wakatwaa nyingine, L 59, wakaikata katikati na kuirefusha, ikawa na urefu wa futi 743 na injini tano. Siku ile niliyowasomea watoto tulitoka kwenda uwanja wa mpira ili tupime urefu huo kwa hatua. Uwanja haukutosha. Walivuka goli la pili, wakaingia katika mihogo ya jirani, na walipofika hatua ya mwisho sauti zao zilikuwa mbali.

Sasa nifikie jambo linalonishangaza zaidi kuliko ukubwa wake. Merikebu ya namna hii haiwezi kurudi isipojazwa gesi upya, na katika nchi ya Wamakonde hapakuwa na gesi. Kwa hiyo waliyoiunda walijua tangu siku ya kwanza kwamba safari ni ya kwenda tu, wakaiunda wakiwaza namna itakavyochanguliwa, kama mchinjaji aonavyo nyama angali anamtazama ng'ombe malishoni. Ile nguo ya nje ingekatwa iwe mahema. Kitambaa chembamba cha ndani kingekuwa vitambaa vya kufungia majeraha, na mifuko ya gesi ingekuwa ya kulalia. Mifupa ya chuma ingesimamishwa iwe mlingoti wa simu ya upepo, na mingine ingefanywa machela ya kuchukulia majeruhi. Injini zingezungusha mashine za umeme. Hata njia nyembamba ya kupitia mabaharia, ndani ya tumbo la merikebu, ilifunikwa kwa ngozi ili baadaye ishonwe viatu. Na mabaharia wenyewe wangepewa bunduki, wakawa askari wa nchi kavu. Sijasoma habari ya chombo kingine ambacho kustaafu kwake kulipangwa kwa uangalifu hivyo kabla hakijafanya kazi siku moja.

Shehena yake ilikuwa tani 15 hivi. Zilikuwamo bunduki za bombom 30, risasi zaidi ya laki tatu, magunia 61 ya dawa na vitambaa vya majeraha, visu vya kufyekea msitu, vyombo vya kushonea, na barua za jamaa. Nahodha wake alikuwa Bockholt, na watu waliopanda walikuwa 22, pamoja na yule daktari.

Waliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, baada ya kujaribu mara mbili na kurudi. Wakapita juu ya nchi ya Waturuki, wakaivuka bahari katika ngurumo na umeme, na asubuhi ya pili wakaiona pwani ya Afrika. Halafu jangwa. Mchana jua lilichemsha hewa, merikebu ikapanda na kushuka kama mtumbwi katika ziwa lililochafuka, hata watu waliozoea bahari wakatapika; macho yakawauma kwa mng'ao wa mchanga, wengine wakaona vitu visivyokuwako. Gesi ilipopata joto ilitanuka, nyingine ikatoka. Usiku, baridi ilipoingia, iliyobaki ikasinyaa, merikebu ikawa nzito. Injini moja ikavunjika, nayo ndiyo iliyoipa nguvu simu ya upepo. Tangu saa ile waliweza kusikia ila hawakuweza kusema.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 walikuwa wamekwisha fika maili 125 magharibi ya Khartoum. Hapo wakasikia amri kutoka kwao: rudini. Adui ametwaa sehemu kubwa ya nyanda za Wamakonde, na Kitangari imo mikononi mwake. Nyanda hizo ndizo zilizotazamiwa kuwa mahali pa kutua, kwa maana merikebu yenye futi 743 haitui penye vilima na majabali. Nasikia wengine waliokuwamo walimwomba nahodha aendelee; yeye alitii, akageuza.

Wako wasemao hata leo kwamba Waingereza ndio waliotuma maneno yale kwa hila. Hadithi hiyo ni tamu kusimulia, lakini amri ilitoka Ujerumani kwenyewe, na habari ya Kitangari ilikuwa kweli.

Walirudi Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba. Walikuwa wamekaa hewani saa 95 pasipo kutua, na mwendo wao ulikuwa maili 4,200. Mafuta yaliyobaki yangetosha saa 64 nyingine. Maana yake kwa mafuta wangaliweza kufika. Siku ile ile ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma, akaipiga ngome ya Wareno penye Ngomano, akapata huko bunduki na risasi zaidi ya laki mbili. Hivyo alichonyimwa kutoka hewani alikitwaa kwa jirani, na vita vikaendelea mwaka mzima mwingine, mpaka alipoweka silaha penye Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Njia ile ya hewani juu ya Naili ilikaa miaka kumi na mitatu bila safari ya kudumu; kisha tarehe 28 Februari 1931 Waingereza wakaanzisha safari za ndege za barua na abiria kutoka London, na mwisho wa safari hizo ulikuwa Mwanza yetu.

Na L 59? Haikukatwa mahema, wala haikutunzwa. Waliifanya ya kutupia mabomu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikielekea Malta, ilishika moto juu ya mlango wa bahari wa Otranto, nyambizi ya Wajerumani wenyewe ikiutazama mwako kwa mbali. Nahodha Bockholt na watu wake wote wakafa, na mifupa ya merikebu ikaenda chini ya maji.

Nilifikiri sana kwa nini chombo kimoja hupona na kingine hupotea. Wadachi hao hao walikuwa na meli katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku na kuungwa huko, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 walipoona Wabelgiji wanakuja, waliizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini mafuta mazito ya kuzuia kutu. Walitumaini kuirudia. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaziona injini bado zafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ikachukua watu na dagaa na mahindi kwa vizazi vitatu na zaidi. Mzinga mmoja wa manowari Königsberg, iliyokufa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watoto hupanda juu yake. Meli ilipona kwa sababu ya mafuta ya mafundi. Mzinga ulipona kwa sababu ni chuma kizito kisichooza upesi. Merikebu ya hewani ilikuwa nguo, gesi na moto.

Lakini mizigo haikungoja merikebu. Mizigo ya pande zote mbili ilikwenda, na iliyoichukua ni vichwa vya watu. Niliwapa darasa la juu hesabu hii: tani 15 ni ratili 33,000, mpagazi mmoja akichukua ratili 60, wanatakiwa wapagazi wangapi? Jibu ni 550. Nikaongeza: tuseme kila mpagazi anakula ratili mbili za unga kwa siku, baada ya siku ngapi atakuwa amekula uzito sawa na mzigo wake? Siku 30. Kwa hiyo nyuma ya wapagazi 550 wanatakiwa wengine wa kuwachukulia chakula, na nyuma ya hao wengine tena. Ndiyo sababu wapagazi wa vita ile walihesabiwa kwa malaki, na waliokufa kwa njaa, kuhara na homa walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliopigwa risasi. Wasukuma na Wanyamwezi, waliokuwa na sifa ya upagazi tangu zamani za misafara ya pwani, hawakuachwa. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina la jeshi lile la wapagazi hata leo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini kwa jumla, pasipo jina la mtu.

Merikebu moja isiyofika imeandikiwa saa yake ya kuondoka, idadi ya magunia yake na urefu wake kwa futi. Nami nina neno langu juu ya hili. Babu yangu alitusimulia kwamba baba yake alichukuliwa upagazi mwaka 1917, akaenda kusini, akarudi amekonda, haongei. Alirudi na kijisahani cha chuma chenye tundu na namba, alichokuwa akivaa shingoni. Kilikaa miaka mingi katika kisanduku cha bati chini ya kitanda cha babu, pamoja na stakabadhi za kodi.

Babu alipofariki nilikuwa chuoni. Nikarudi likizo, nikakiuliza. Baba mdogo akaniambia mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na baiskeli yake, naye akampa gunia moja: majembe yaliyokwisha, sufuria iliyotoboka, kisanduku na vilivyomo. Fedha aliyopata ilinunua chumvi na sabuni. Sikumlaumu, maana hakuna aliyemwambia kitu.

Utotoni nilizoea kuipitisha kidole namba ile. Ilianza na 7. Tarakimu zilizofuata sizikumbuki.