Kuandaa pikapu kwa njia za mawe na kuvuta trela: mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa

Katika Kakuma, Kalobeyei na vijiji vya Turkana vilivyo karibu na kambi, pikapu moja inaweza kulisha nyumba kadhaa. Inabeba maji, mbuzi, magunia ya unga na mabati ya ujenzi, na usiku ikibidi inabeba mgonjwa. Lakini ukiacha barabara kuu ya A1 inayopita Kakuma kuelekea Lokichoggio, njia ni mawe makali, changarawe na laga zenye mchanga. Huko ndiko springi zinakovunjika, matairi yanakopasuka ubavuni na chasi zinakopinda, na kikundi kilichochanga pesa kununua gari kinabaki na deni.

Makala haya ni kwa ajili yako ikiwa una pikapu, unaiendesha, au kikundi chenu kinapanga kuinunua. Tumechukua mfano wa Toyota Hilux na Land Cruiser ya pikapu kwa sababu zote zinajulikana sana huku. Mengi ya yaliyomo yanafaa kwa Isuzu na Nissan pia.

Anza na hesabu ya kilo

Fundi akikuambia uanze na bampa kubwa la chuma au kunyanyua gari, mwambie asubiri. Gari nyingi huku haziharibiwi na mawe peke yake. Zinaharibiwa na mawe zikiwa zimezidishiwa uzito.

Angalia logibuku au kibandiko cha mlangoni uone uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Tuseme pikapu yako ni ya tani moja, yaani kilo 1,000. Watu wengi wanadhani hizo zote ni za mzigo. Sivyo. Dereva na utingo wamo ndani ya hesabu hiyo, na kila chuma ulichoongeza kimo pia. Watu wawili ni kama kilo 140. Bampa la chuma kilo 50, fremu ya vyuma nyuma kilo 60, tairi la pili la akiba pamoja na jeki na vifaa kilo 50. Hapo umeshatumia 300. Ukiunganisha trela inayokandamiza kilo 100 juu ya chuma cha kuvutia, umebaki na 600. Kwa maji, hizo hazifiki hata jerikani 30 za lita 20, kwa sababu jerikani yenyewe nayo ina uzito wake.

Sasa fikiria tangi la lita 1,000 lililojaa. Maji peke yake ni kilo 1,000. Likiwekwa kwenye pikapu ya tani moja, gari limeshazidi kabla dereva hajaingia. Kwenye lami unaweza kufika. Kwenye mawe, kila shimo linazidisha nguvu ya uzito huo juu ya springi na ekseli.

Kuongeza bamba moja au mawili kwenye springi za nyuma kunasaidia gari lisilale, na ni kazi ambayo mafundi wengi wanaiweza. Lakini usidanganyike kwamba sasa gari linabeba zaidi. Ekseli, breki, rimu na chasi ni zilezile. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, nguvu inayopaswa kumezwa na springi inahamia kwenye chasi, na chasi inaanza kupasuka au kupinda, mara nyingi nyuma ya kabini. Pita mara kwa mara ukiwa na tochi na kitambaa, futa vumbi sehemu hiyo na utafute mstari mwembamba wa ufa.

Matairi: hapa usibane pesa

Kama una pesa za kitu kimoja tu, nunua matairi. Tafuta yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikapu na magari ya mizigo, siyo ya gari dogo yenye saizi inayolingana. Soma maandishi ya ubavuni. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 115 ni kilo 1,215. Kwenye maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuonekana zima juu, siyo kipara hata kidogo, lakini mpira wake umekaushwa na jua. Likunje kidogo ubavuni; ukiona nyufa ndogo ndogo, liache dukani.

Baada ya hapo, jifunze kucheza na upepo. Tairi lililojaa sana halijikunji juu ya jiwe. Linalipiga, na jiwe kali linaingia. Ukipunguza upepo kidogo, mpira unalifunika jiwe, gari linashika vizuri na halirukiruki. Ikiwa unatembea na PSI 32 kwenye lami na gari halina mzigo mkubwa, shusha hadi kama 24 kwenye mawe na usizidi kilomita 30 kwa saa. Kwenye mchanga wa laga unaweza kushuka hadi 18, mradi usikate kona kwa ghafla. Lakini ukiwa na mzigo kamili au trela, usishushe matairi ya nyuma kiasi hicho. Yakilegea sana, jiwe linabana ubavu wa tairi dhidi ya rimu na kuukata pande zote mbili, na tundu la namna hiyo halizibiki.

Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi lililolegea likienda kasi linapata joto ubavuni hadi linapasuka. Kwa hiyo pampu ya upepo inayotumia betri, pamoja na kipimo cha presha, ni vifaa vya lazima. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Presha ikipanda kwa joto la njiani, usiitoe.

Chini ya gari

Kwanza kinga. Bamba la chuma chini ya sampu ya injini na giaboksi ni la thamani kuliko bampa, maana jiwe moja likitoboa sampu safari imekwisha na injini inaweza kufuata. Mwambie fundi aache nafasi ya kumwagia oili bila kulifungua lote, na hewa ipite.

Kunyanyua gari kwa sentimita nne au tano kunatosha kwa shughuli zetu. Zaidi ya hapo gari linakuwa rahisi kupinduka kwenye miteremko ya pembeni, hasa likiwa na mzigo wa juu. Hilux za mbele zenye mikono huru zinaumia pia kwenye viungo vya ekseli zikinyanyuliwa sana.

Difu ya nyuma ndiyo sehemu ya chini kabisa katikati. Usipitishe jiwe kubwa katikati ya magurudumu. Panda juu yake kwa tairi, polepole, kwa gia nzito ya L4. Ukiwa na Land Cruiser 79, kumbuka kwamba magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele. Jiwe ulilolikwepa kwa mbele linaweza kukutana na la nyuma.

Difu ina kitundu cha kupumulia. Difu ikiwa ya moto halafu ukaingia kwenye maji, kitundu kilichoziba kinafanya maji yavutwe ndani kupitia sili. Ukikuta oili ya difu inafanana na chai ya maziwa, imeingia maji: ibadilishe kabla ya safari nyingine. Na laga inayotiririka usiiingie kabisa, hata kama lori limetangulia. Maji yanaweza kuteremka kutoka mbali huku kwenu mvua haijanyesha.

Trela

Hilux nyingi zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa trela haina breki zake. Hizo 750 ni pamoja na uzito wa trela yenyewe. Trela ya maji ya lita 1,000 iliyochomelewa mtaani, yenye uzito wa kilo 300 ikiwa tupu, inafika 1,300. Bila breki zake haifai kuvutwa na pikapu. Siyo kwamba injini haitaiweza, itaiweza. Tatizo ni kuisimamisha kwenye mteremko. Trela itaisukuma pikapu, nyuma itahama pembeni, na gari litajikunja kama kisu cha kukunja.

Panga mzigo wa trela ili sehemu inayounganishwa na pikapu ikandamize kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela. Trela ya kilo 700 ikandamize kama 70. Unaweza kupima kwa mizani ya duka la nafaka: weka trela mahali tambarare, pumzisha ncha yake juu ya mizani kwa kimo kilekile cha gari. Mzigo ukiwa mwingi nyuma ya ekseli ya trela, itaanza kuyumba kama mkia. Ukiwa mwingi mbele, unakandamiza nyuma ya pikapu na kuinua mbele: usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Tangi la maji lisilojaa pia ni hatari, kwa sababu maji yanakimbia huku na huku. Fundi akiweka kuta za ndani zenye matundu, mwendo wa maji unapungua.

Weka minyororo miwili ya usalama ipite kwa msalaba chini ya kiungo, ili ncha ya trela ikichomoka idakwe isichimbe ardhi. Trela inakata kona ndani zaidi kuliko pikapu, kwa hiyo kwenye mawe zunguka kwa upana, na utingo ashuke akuelekeze. Kwenye mteremko ingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Ukishaanza, umechelewa.

Kuvuta kwa joto la Turkana kunachemsha injini. Osha radieta kwa maji ukianzia upande wa injini, ili vumbi na mbegu za nyasi zitoke kule zilikoingilia. Ukisikia harufu ya klachi, simama upumzishe gari.

Ukikwama

Sehemu hii tunaomba uisome mara mbili, na umsomee utingo wako.

Usifunge kamba ya kunasua gari kwenye lile tufe la chuma la kuunganishia trela. Limetengenezwa kwa mvuto wa taratibu, siyo wa kushtua. Likikatika linaruka na kamba kama risasi, na watu wameuawa hivyo katika nchi mbalimbali. Funga kwenye ndoano au jicho lililofungwa kwa bolti imara kwenye chasi, mbele na nyuma. Kama gari lako halina, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi, kabla ya taa za mapambo.

Mnyororo hauvutiki, kwa hiyo usiutumie kwa kushtua. Mkanda wa kunasulia ni bora. Kabla ya kuvuta, chimba mchanga mbele ya magurudumu, shusha upepo, punguza mzigo na utenganishe trela. Mara nyingi gari litatoka lenyewe. Ikibidi kuvuta, tupa koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya mkanda, kisha waondoe watu wote hadi umbali wa mara mbili ya urefu wake. Watoto hupenda kuja kutazama. Usianze mpaka wamesogea.

Jeki kwenye mchanga inazama. Beba kipande kinene cha ubao cha kuweka chini yake, na mawe ya kuzuia magurudumu.

Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Njia ya mawe inalegeza kila kitu. Kaza nati za magurudumu na zile bolti zenye umbo la U zinazoshika springi baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza tangu zilipofunguliwa, halafu kila unaporudi. Tazama mipira ya breki kama imesuguliwa na jiwe. Gusa rimu za pikapu na za trela kwa tahadhari: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika au beringi inakufa. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120, na beringi ya trela ikikatika katikati hakuna duka la karibu, kwa hiyo beba nyingine pamoja na grisi.

Kuhusu karatasi: nchini Kenya trela husajiliwa na kupewa namba yake, tofauti na ya pikapu. Iulize kampuni ya bima kama trela imo kwenye bima yako, na upate jibu kwa maandishi. Leseni ya dereva iangaliwe kama inaruhusu kuvuta trela ya uzito huo; NTSA ndiyo inayoshughulikia leseni na usajili. Ikiwa dereva au utingo ni mkimbizi na safari inatoka nje ya eneo la kambi, kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kiombwe mapema, kabla mzigo haujapakiwa.