Kutoka "Kilema" hadi "Mtu Mwenye Ulemavu": Historia Fupi ya Maneno na Ajira

Hapa Rusizi, Kiswahili ni lugha ya darasani na pia ya mpakani. Wafanyabiashara wanaovuka daraja kwenda Bukavu hukitumia, na huko Bukavu kipo kituo cha watu wenye ulemavu chenye jina la Kiswahili, Heri Kwetu. Makala haya yanachunguza jinsi maneno yetu yalivyoandamana na juhudi za kuwapatia watu hao kazi.

Nchini Rwanda, juhudi hizo zina mizizi Gatagara. Mwaka 1960 Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyechukua jina la Ndagijimana, alianzisha huko kituo kilichowapa watoto matibabu na elimu. Enzi hizo Kinyarwanda kilisema *ikimuga*, na Kiswahili *kilema*. Neno *kilema* hutaja dosari yenyewe na pia mtu aliye nayo. Mtu anapotea ndani ya dosari yake. Je, mwajiri aliyezoea neno hilo angeuliza ujuzi wa mtu huyo?

Sheria zilifuata. Tanzania, mwaka 1982, iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kutenga asilimia 2 ya nafasi. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu: wafanyakazi 20, asilimia 3. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2007. Ilikataza ubaguzi kazini, na ikaagiza kwamba watahiniwa wakilingana alama, mwenye ulemavu apewe nafasi zaidi. Hata hivyo, sheria hiyo ilichapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilikuwa bado hakijawa lugha rasmi. Kilipata hadhi hiyo mwaka 2017.

Mwanafunzi wangu mmoja anayetembea kwa magongo aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kwa nini *kiwete* na *kipofu* viko pamoja na *kiti*?" Nilimjibu kuhusu upatanisho: tunasema *kipofu amefika*, si *kimefika*. Jibu lilikuwa sahihi kisarufi, lakini halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila neno la *ki-* ni tusi. Viziwi wa Tanzania wenyewe wanakiita chama chao Chama cha Viziwi, CHAVITA. Funzo ni kwamba wenye jina waulizwe kwanza.

Ndugu walimu na wanafunzi, kazi iliyo mbele yetu ni mbili. Kwanza, tufasiri vifungu vya ajira kwa Kiswahili chepesi, ili fundi cherehani wa Kamembe na mwenzake wa Bukavu wapeane maarifa bila mkalimani. Pili, tufundishe nguvu ya neno *mwenye*: mtu mwenye ulemavu ni pia mwenye cheti, mwenye ujuzi, mwenye familia ya kulisha. Mwajiri akilisikia neno hilo vizuri, huenda akauliza swali linalostahili: unajua kufanya nini?