Mombasa hadi Maskati: Umbali na muda wa safari ya ndege

WAKAZI wa Bondeni na Mji wa Kale wenye jamaa zao Oman huuliza swali moja kila wanapokata tiketi: ni mwendo wa saa ngapi hadi Maskati? Jibu hutegemea njia anayopitia abiria kuliko umbali wenyewe.

Umbali

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hadi Maskati, kwa njia fupi kabisa ya angani, ni takriban kilomita 3,680, yaani karibu maili 2,000 za baharini. Umbali wa kwenda Dubai unakaribiana sana na huo.

Majahazi yaliufahamu mwendo huu karne nyingi kabla ya ndege. Yalishuka kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, yakatia nanga Bandari ya Kale, kisha yakarejea kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa Aprili. Safari ilichukua majuma, na nahodha ndiye aliyeufuata upepo. Ni kwa bahari hiyo Waomani walikuja na kuitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Muda wa angani

Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Ukijumlisha kupaa na kutua, safari ya moja kwa moja ingechukua kama saa 5.

Abiria anayepitia Nairobi huruka kama kilomita 420, kisha 3,600 nyingine. Anayepitia Dubai, ambako shirika la Flydubai lilianza kuruka kutoka Mombasa Januari 2024, huongeza kama kilomita 350 kutoka huko hadi Maskati. Njia zote mbili hufikia yapata kilomita 4,030, nyongeza isiyotimia hata sehemu moja kwa kumi. Muda wa kuruka nao ni kama saa 6 au 7. Kinachorefusha safari ni kungoja ndege ya pili: saa 3 za kungoja hufanya jumla kuwa 9 au 10, na kulala njiani huiongeza maradufu.

Kusoma tiketi

Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Maskati iko mbele ya Mombasa kwa saa 1. Hivyo safari ya saa 5 itaonekana kuwa ya saa 6 wakati wa kwenda, na saa 4 wakati wa kurudi.

Hatari kubwa zaidi ni usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa Ijumaa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Abiria anapaswa kuwa uwanjani Alhamisi, yapata saa tatu na nusu za usiku. Atakayetoka nyumbani Ijumaa jioni atakuta ndege imekwisha kuondoka karibu siku nzima. Wazee wa Pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ndio unaotangulia mchana wake, hawapati taabu na hesabu hii.

Mwisho, abiria wa Bondeni akumbuke kwamba uwanja uko bara, ng'ambo ya Makupa. Msongamano wa magari Changamwe nao uhesabiwe kuwa sehemu ya safari.