Kwaresma ya jikoni: Kanisa la Calvary na mji wa Memphis

Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la Calvary, katikati ya mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, walifungua mgahawa ndani ya kanisa lao. Kanisa kuuza chakula si habari; kila penye waumini na deni la bati pana mama lishe wa kanisa. Kinachoshangaza ni msimu waliouchagua. Mgahawa huo, unaojulikana hadi leo kwa jina la Waffle Shop, hufunguliwa wakati wa Kwaresma tu. Hufanya kazi majuma yaleyale ambayo Mkristo hutarajiwa kupunguza sahani yake. Calvary ni la Kanisa la Episcopal, yaani Anglikana ya Marekani, na Mwanglikana wa Korogwe au Mombasa akiingia humo wakati wa Kwaresma hatapotea katika ibada. Huenda akapotea akishuka ukumbini na kukuta meza zimejaa watu wanaokula. Ni rahisi kulicheka jambo hili. Mimi naona kwamba jiko hilo ndilo lililoifanya Kwaresma ya Calvary kuwa kazi ya parokia nzima, na kwamba bila hilo msimu wote ungebaki kuwa shughuli ya masikio. Naona pia kwamba jiko lina upofu wake, na historia ya Memphis imeuweka wazi kuliko mji mwingine wowote ninaoufikiria.

Masikio ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1923 Calvary ilianzisha mahubiri ya mchana ya Kwaresma kwa watu wa maofisini: unatoka kazini saa sita, unaketi, unasikiliza, unarudi kwenye makaratasi yako. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Katika Kwaresma ya 1890 Phillips Brooks, mhubiri mkubwa wa Boston, alisimama katika Kanisa la Trinity, New York, akawahubiria wafanyabiashara wa Wall Street saa za mchana. Mtindo huo ulilifaa kanisa la mjini, kwa kuwa ulimfuata mtu mahali alipo badala ya kungoja Jumapili. Hata hivyo ulimwacha msikilizaji kama alivyoingia, mgeni wa dakika chache asiyejua jina la aliyeketi kando yake. Mhubiri akiwa hodari watu hujaa, akiwa mchovu hupungua, na Kwaresma nzima huning'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Akina mama walipoongeza chakula waliongeza jambo ambalo mahubiri hayana, nalo ni idadi ya mikono inayohitajika. Tazama vyakula vilivyolipatia jiko hilo jina. Kuna waffle zenyewe, mkate wa maji unaookwa kati ya vyuma viwili vyenye miraba, zinazoliwa na kuku aliyechambuliwa akapikwa kwa mchuzi mzito. Kuna samaki wa kuponda anayeokwa hadi ashikane, kuna jeli ya nyanya, kuna mayonezi inayopigwa palepale. Hakuna kinachopikika kwa haraka. Mayonezi hukatika mafuta yakimiminwa kwa pupa. Samaki wa kuponda hawezi kuokwa kabla mtu hajakaa akatoa miiba. Chakula cha namna hii hudai watu wa kuja mapema na wa kubaki kuosha masufuria, mchana baada ya mchana, na wanaokuja ni watu wa kujitolea. Mume wa mtu aliyekuwa akishinda benki anajikuta amevaa aproni. Mapato huenda katika kazi za huduma mjini, lakini hata yasingekuwa makubwa, parokia ingekuwa imepata kitu kingine: desturi ya kufanya kazi pamoja inayorudi kila mwaka, bila kungoja kasisi awe na kipaji.

Mwenye kupenda mfungo atauliza hapohapo: toba gani hii ya kuku na krimu? Swali ni la haki. Jumanne ya kabla ya Majivu Waanglikana wengi hula chapati za maji ili kumaliza mayai na mafuta yaliyomo ndani, na Calvary, kwa kutania kidogo, inaonekana kuivuta Jumanne hiyo hadi Pasaka. Lakini Kitabu cha Sala cha Kanisa la Episcopal, toleo la 1979, kinapowaalika waumini kwenye Kwaresma, kinaanza kwa kuwakumbusha historia: msimu huu ulikuwa wa kuwaandaa walioongoka kwa ubatizo, na wa kuwarudisha kundini waliotengwa kwa dhambi zao. Kazi zote mbili hazifanyiki chumbani mwa mtu mmoja, zinahitaji kusanyiko. Na miongoni mwa masomo yaliyowekwa kwa Jumatano ya Majivu imo Isaya sura ya 58, ambamo nabii anawakemea waliofunga huku wakiwanyanyasa wafanyakazi wao, kisha anawaeleza mfungo unaotakiwa: kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa mkate. Kwa kipimo hicho anayefunga pale Calvary ni mpishi. Amejinyima muda, na kwa watu wa mjini muda ni mgumu kutoa kuliko nyama.

Lakini sura hiyohiyo ndiyo inayoliumbua jiko, maana imetaja vifungo kabla ya mkate. Hapa ndipo Kwaresma ya 1968 inapokuja na ushahidi mzito. Tarehe 1 Februari mwaka ule wazoa taka wawili wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa ndani ya mtambo wa gari la taka. Tarehe 12 wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 28 Februari, kwa hiyo Kwaresma yote ya mji ilipita mgomo ukiendelea. Wagomaji waliandamana na mabango yao yaliyodai kwamba wao ni watu, Meya Henry Loeb akikataa kukitambua chama chao cha wafanyakazi. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King, aliyekuja kuwaunga mkono, akauawa kwa risasi katika Moteli ya Lorraine. Kesho yake makasisi weusi kwa weupe walikusanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, makao ya askofu wa Episcopal, kisha wakatembea hadi ofisi za jiji kumtaka meya amalize mgogoro. Aliyewatangulia ni mkuu wa kanisa kuu hilo, William Dimmick, akiwa ameshika msalaba wa maandamano ya ibada. Makubaliano yalifikiwa tarehe 16 Aprili, siku mbili baada ya Pasaka. Mji uliokuwa na mahubiri ya Kwaresma kwa miaka 45 na jiko lake kwa 40 ulihitaji vifo ili makasisi wake weupe wapige mguu barabarani kwa wingi namna ile.

Na kuna ushahidi wa karibu zaidi, wa kiwanja kwa kiwanja. Jengo la Calvary lilikuwa limekwisha kusimama katika miaka ya 1840. Kati ya 1854 na 1860 Nathan Bedford Forrest, ambaye baadaye alikuwa jenerali wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani na kiongozi wa mwanzo wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, aliendesha soko la watumwa kwenye Barabara ya Adams, jirani kabisa na kanisa. Maana yake Kwaresma kadhaa ziliadhimishwa hapo, na majivu ya toba yakihubiriwa, huku binadamu wakinunuliwa upande wa pili wa ua. Mwaka 1955 kiliwekwa kibao cha kumbukumbu kilichosema Forrest aliishi hapo na kwamba biashara zake zilimtajirisha. Biashara ya nini, hakikusema. Kimya hicho kilidumu hadi tarehe 4 Aprili 2018, miaka 50 kamili tangu King auawe, ndipo Calvary, ikishirikiana na Chuo cha Rhodes na Idara ya Hifadhi za Taifa, ilipoweka kibao kingine kinachoitaja biashara ile kwa jina lake, na majina ya baadhi ya waliouzwa yakasomwa kanisani.

Wapo watakaosema basi, jiko lilikuwa dawa ya usingizi: watu walishiba, wakaridhika na wema wao, wasione kilicho nje ya dirisha. Siwezi kuipuuza hoja hii, ila naiona imeruka hatua. Ingekuwa kweli kama parokia zisizo na jiko zingeonekana kuamka mapema, na Memphis ya 1968 haikuonyesha hivyo. Kilichochelewesha macho ya wazungu wa mji ule ni ubaguzi uliokuwa katika shule, kazi na makazi yao, na ubaguzi huo uliwashika waliofunga na waliokula vilevile. Wengine hutaja kinyume chake, ushujaa wa 1878, homa ya manjano ilipoua zaidi ya watu 5,000 mjini humo na wenye uwezo wakakimbia. Masista wa Mtakatifu Maria, wakiongozwa na Constance, walibaki kuuguza. Yeye alifariki tarehe 9 Septemba, na Kanisa la Episcopal humkumbuka siku hiyo pamoja na wenzake. Hakuna anayebisha kuwa huduma yao ni kubwa kuliko sahani ya waffle. Lakini parokia haiwezi kupangiwa tauni ili iwe hodari. Inachoweza kupangiwa ni zamu, na zamu ndiyo iliyofanya kanisa la katikati ya mji liendelee kuwa na watu wa kazi wakati wakazi wengi wenye fedha walikuwa wakihamia pembeni.

Ndiyo maana naona kazi ya 2018 haikuja kulisahihisha jiko kutoka nje. Kanisa lililohamia vitongojini pamoja na waumini wake lisingebaki na kiwanja cha Barabara ya Adams wala na sababu ya kukichunguza. Calvary ilibaki. Swali linalostahili kuulizwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, pale au Dodoma, ni kama Isaya wa Jumatano ya Majivu anasomwa pia jikoni: nani ameketi mezani, nani anaosha vyombo kwa mshahara gani, na mahubiri ya saa sita yamemtaja mwenye nyumba anayepandisha kodi au yameishia kwenye kuacha sukari.